Nesi Asiye na Wodi

Siku Titilia alipotoka chuo cha unesi na cheti chake, ukoo wetu mzima kijijini Vunikavika ulijipanga mikekani kula nguruwe na kugawana sifa. Kila mtu alikuwa na fungu lake katika ile elimu. Huyu alitoa magimbi, yule alitoa kuku, mwingine alimkumbuka kwenye maombi, na wote walisema kwa sauti ili asije akasahau. Mimi nilikaa upande wa wanawake, karibu na sahani za nyama ya kopo, nikala. Naitwa Laisani. Mama yangu ni shangazi yake Titilia, nauza magimbi na mihogo soko la Rakiraki, na kwetu mtoto wa shangazi ana ruhusa ya kuwatania watoto wa wajomba zake na kuwaambia lolote. Ruhusa hiyo nimeitumia vizuri tangu nilipoota meno.

Bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi cha kupeana heshima, lilipokwisha kuzunguka, mjomba Waisale alisafisha koo. Yeye ndiye mkuu wa ukoo, na tangu baba yake Titilia afariki, yeye ndiye aliyemlea kama baba mkubwa.

"Binti yetu sasa anaingia hospitali kuu," alisema. "Atavaa nyeupe. Siku nikilazwa, sitapanga foleni na watu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Titilia alikuwa ameinamisha kichwa.

"Baba mkubwa, nimeomba kazi ya kanda."

"Kanda ndiyo wapi?"

"Ni kuzunguka vijijini. Kuchanja watoto, kupima wajawazito, kuwaangalia wenye sukari na presha majumbani kwao."

Makofi yaliisha pale pale. Mzee mmoja akamwinamia mwenzake akauliza, kwa ule mnong'ono wa wazee unaosikika hadi jikoni, "Kwani amefeli?"

Tulipokuwa tunaosha vyombo nyuma ya nyumba nikamuuliza na mimi. "Haya mtani, sema kweli. Umefeli?"

"Nimekuwa wa tatu."

"Kutoka chini?"

Akanirushia povu. "Wewe unadhani nesi ni kitanda cha hospitali tu? Unajua wenzangu wanakwenda wapi? Unaisi yuko hoteli ya kisiwani, anawatibu watalii waliochanwa na matumbawe na kuunguzwa na jua, na kamba anakula mpaka anawachoka. Kuna mmoja yuko mgodi wa dhahabu, anawapima wachimbaji masikio na mapafu. Mwingine anakaa kwenye simu kampuni ya bima. Watu wanapiga wanaeleza maumivu yao, yeye anawaambia nenda kwa daktari sasa hivi, au kunywa maji ulale. Taraivini kachukua shule ya bweni. Anasema siku ya mtihani wa hesabu shule nzima inaumwa tumbo."

"Na hao wote ni manesi?"

"Cheti ni kile kile, Laisani."

"Basi mwambie mjomba."

"Mwambie wewe mwenye mdomo."

Nilimuuliza kwa nini hakuchukua hoteli, tukafaidi sote hao kamba. Alivuta sufuria nyingine, akaanza kuisugua.

"Kwenye mazoezi niliwekwa wodi ya upasuaji," alisema. "Kazi yangu ilikuwa kuwaosha waliokatwa miguu kwa ajili ya sukari. Kila mmoja nilimuuliza ilianzaje. Kidonda kidogo tu, nesi. Msumari tu. Kiatu kilinibana tu. Wote wanatoka vijiji kama hiki chetu, na walikaa nyumbani mpaka nyumba nzima ikanuka. Nimechoka kukutana nao mwishoni."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nendeni mkawaulize watu wa Vunikavika nani wamemsifu, mwenye kuziba ufa au fundi wa ukuta. Kuanzia wiki ile, kila aliyemuuliza mjomba habari za binti yake msomi, hata mchungaji, alijibiwa kwamba anasubiri nafasi hospitalini. Nafasi gani? Mtu ameajiriwa, ana sare, ana kanda nzima ya Ra ya kutembea kwa miguu, kwa farasi na nyuma ya malori ya miwa, halafu mnasema anasubiri! Nilisikia hayo mara nyingi nikiwa na kisu cha kumenyea mihogo mkononi, na namshukuru Mungu kwa uvumilivu alionipa.

Vijiji vya watu vilimpokea vizuri. Alifika na fungu lake la mizizi ya kava, akamkabidhi mkuu wa kijiji kama mgeni anavyotakiwa, wakampigia makofi ya ukaribisho, akafungua mkoba akafanya kazi. Shida ilikuwa nyumbani. Nabii hakubaliki kwao, na nesi naye hali kadhalika. Akija Vunikavika na kipimo cha sukari, wazee wanamwambia, "Aa, Titilia, umekuja wakati mzuri, hebu tuchemshie chai." Anawachemshia. Wanakunywa na sukari vijiko vinne, ndipo wanamnyoshea kidole awatoboe, tena kwa kumfanyia hisani. Mimi ningewatoboa na kisu.

Ila kwa wazee alipita. Aliposhindwa ni kwa Inosi.

Inosi ni mtoto wa kiume wa mjomba Waisale. Kwa kuwa baba zao ni ndugu, yeye na Titilia ni kaka na dada kamili, na kwetu kaka na dada wakishakua wanaheshimiana kwa ukimya. Hawasemezani. Hawagusani. Kaka akiingia mlango wa juu, dada anatokea mlango wa chini. Ukiwa na ujumbe unautuma kwa mtu. Desturi hiyo nimekulia ndani yake na siikejeli, maana imezuia maneno mengi mabaya nyumbani. Lakini hospitalini mgonjwa ni mgonjwa tu. Kijijini mgonjwa ana jina, na jina lake ni kaka.

Huyu Inosi alikuwa winga wa timu ya wilaya, mbio zake zilijulikana mpaka Tavua. Sukari ilimpata angali kijana, akaificha, akaendelea kucheza na maveterani Jumamosi. Siku moja mkewe, Vasiti, alikuja kwenye meza yangu sokoni, akajifanya anachagua magimbi.

"Laisani, mume wetu mguu umemvimba."

Anasema mume wetu kwa sababu Inosi ni mtani wangu, na mimi humwita mume wangu hata mbele ya mchungaji.

"Umevimba kwa nini?"

"Alikanyaga tumbawe akivua pweza. Hakujua hata. Niliona damu kwenye mkeka, nikamwambia, akasema haumi. Sasa hivi navumilia harufu tu."

"Na Titilia yumo humo humo kijijini wiki hii!"

"Ndiyo maana anajificha. Anasema dada yake hawezi kuushika mguu wake. Na hospitali haendi. Anasema huko watu wanaingia na miguu wanatoka na magongo."

Niliacha magimbi yangu kwa jirani nikapanda lori la kwanza. Titilia nilimkuta anawapima watoto uzito chini ya paa la jumba la mikutano. Nilipomweleza, alimrudisha mtoto kwa mama yake taratibu, lakini uso ulimbadilika.

"Mguu upi?"

"Wa kulia. Unyayo."

"Ana homa?"

"Mimi nitajuaje?"

"Laisani, huo mguu unaweza kwenda. Nasema kukatwa. Naye akichelewa zaidi, ataufuata."

Alikwenda kwanza kwa mjomba Waisale kuomba ruhusa. Alipiga magoti mlangoni, akaeleza. Mjomba alisikiliza huku akitazama dirishani.

"Wewe ni dada yake," alisema. "Ukimshika, nitawatazamaje watu usoni? Mpelekeni kwa manesi wa hospitali."

"Hataki kwenda hospitali, baba mkubwa."

"Basi aombewe."

Nilitaka kusema neno, Titilia akanifinya mkono. Akatoka pale akiwa na mpango wake. Mimi ni mtani, ninaruhusiwa kumgusa Inosi, hata kumpiga kibao nikitaka. Basi mimi ndiye nitakayekuwa mikono, yeye atakuwa kichwa.

Ndivyo tulivyofanya, na ningependa wale wanaosema nesi ni mtu wa wodi tu wangekuwepo. Inosi alikuwa amelala sebuleni kwake, mguu juu ya mto. Mlangoni palikuwa na pazia la maua. Titilia akakaa kibarazani nje ya pazia, mgongo kwenye ukuta, mkoba mapajani. Alinipa glovu, shashi na chupa ya maji ya chumvi.

"Mume wangu," nilimwambia Inosi, "mguu wako umeoza kuliko tabia yako."

"Afadhali mguu. Wewe umeoza mdomo."

"Mwambie afumbe macho," Titilia alisema huko nje, "halafu umguse vidole na hiyo pamba, kimoja kimoja. Aseme akihisi."

"Amesema ufumbe macho."

"Nimesikia. Mwambie nimefumba."

"Amefumba. Nagusa. Inosi, unahisi?"

"Bado hujagusa."

Nilikuwa nimegusa vyote vitano. Vasiti akaziba mdomo kwa kanga. Nilimwambia Titilia hahisi kitu.

"Fungua kitambaa. Niambie unaona nini."

Nilifungua. Kuna harufu ambazo hata muuza samaki hazizoei. Nikasema kuna tundu, linatoa usaha, na pembeni pamekuwa peusi.

"Peusi kwa uchafu au nyama imekufa?"

"Sijui."

"Futa. Panatoka?"

"Panatoka kidogo. Hapatoki. Sijui, mtani! Mimi nauza magimbi!"

"Bonyeza juu ya kifundo. Pana joto? Panapiga kelele kama mfuko wa karatasi chini ya ngozi?"

Nilibonyeza. Sikusikia chochote, nikasema sisikii, halafu nikasema labda nasikia. Inosi alikuwa ameacha kutania. Jasho lilimtiririka, na meno yakaanza kugongana katika joto lile la mchana.

"Ana baridi," Vasiti alisema. "Wifi, anatetemeka!"

Pazia likafunguliwa.

Titilia aliingia kwa magoti, kama dada anavyotakiwa mbele ya kaka, kichwa chini, na kwa magoti hayo hayo akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mto, akauchukua ule mguu kwa mikono miwili. Inosi aligeuza uso ukutani. Hakuuvuta mguu. Hakusema. Titilia naye hakumsemesha hata neno moja, wala hakumtazama juu ya goti. Alikata ngozi iliyokufa, akafungua, usaha ukatoka wa kujaza kikombe, na ndani kabisa akakivuta kipande cha tumbawe chenye ncha. Akasafisha, akafunga, akapiga simu hospitalini kuwaeleza anakuja nani na ana nini, na kabla jua halijapinda tulikuwa tumemlaza Inosi nyuma ya lori juu ya magodoro, mimi nikiwa nimemshikilia na kumtukana njia nzima asije akalala.

Hospitali walifanya kazi yao vizuri, sina ugomvi nao hata chembe. Walimwekea dripu, walimchoma sindano, walimsafisha tena. Hawakukata hata kidole. Daktari alimwambia Vasiti kwamba aliyemfungua kule kijijini ndiye aliyeuokoa mguu, na kwamba wangengoja kidogo tu, wangekuwa wanazungumza habari za goti. Vasiti alirudi akamweleza mjomba maneno hayo kama yalivyo. Nilikuwepo.

Mjomba alikwenda mjini na jino la nyangumi, ambalo kwetu ndilo zawadi ya heshima kuliko zote, kumshukuru daktari. Jino lenyewe lilikuwa kubwa, la manjano ya zamani, lile lililotolewa alipoolewa bibi yetu. Kwa daktari sina neno, anastahili. Lakini ukoo ulipokaa kuzungumza habari ya Titilia, mnajua waliamua nini? Kwamba amevunja mwiko. Kwamba dada amemshika kaka mbele ya mkewe na mbele ya mtani mwenye mdomo mrefu, habari imefika hadi vijiji vya jirani, na lazima aje na kava aombe msamaha kwa kaka yake kabla mkosi haujaingia nyumbani.

Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda hamwambii mwenye kumlisha alete nyasi za kuombea radhi.

"Usiende," nilimwambia Titilia. "Wakitaka msamaha waliombe lile tumbawe."

"Nisipokwenda nitaonekana sina adabu. Na nesi asiye na adabu hapandi ngazi ya nyumba yoyote Ra. Kuna bibi mmoja kule juu mlimani ndiyo kwanza ameanza kunionyesha miguu yake. Unataka nimwache?"

"Nataka uwaambie ukweli!"

"Ukweli nitauvika sare nikauzungushe vijijini. Hapa nitapeleka kava."

Basi akaja. Jumba la mjomba lilijaa wazee, mikeka mizuri ilitandikwa, Inosi amekaa juu karibu na baba yake, miguu imekunjwa na kufunikwa kikoi kama heshima inavyodai, maana kwetu kumnyoshea mtu nyayo ukiwa umekaa ni tusi. Bandeji ilikwisha kutolewa hospitalini. Titilia alikaa chini kabisa karibu na mlango, mimi pembeni yake. Mzee mmoja alimsemea, akaweka fungu la kava mbele, akasema binti amekosa, binti hakuwa na akili wakati ule, binti anaomba asamehewe. Nilihisi masikio yananiwaka. Hakuwa na akili! Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili katika kijiji kile!

Ilikuwa zamu ya Inosi kuligusa lile fungu kuonyesha amekubali. Wote tukamngoja. Aliutazama ule mzizi. Kisha akavuta kikoi chake mpaka gotini, akakunjua mguu, akaunyosha katikati ya jumba, unyayo mbele ya wazee wote, kuelekea alikokaa dada yake.

Haukuwa ule wa kulia. Ulikuwa wa kushoto.

"Inosi!" mjomba Waisale alisema. "Funika mguu!"

Inosi hakufunika. Alikuwa ametazama chini, mishipa ya shingo imemsimama kwa aibu, lakini mguu aliuacha pale pale. Mimi nilielewa baadaye kidogo kuliko Titilia. Yeye alikwisha kuanza kusogea kwa magoti, akipita kati ya wazee, akiomba radhi kwa kila anayempita. Aliinamisha kichwa juu ya ule unyayo, akaubonyeza kwa kidole gumba, akavitenganisha vidole.

"Laisani," aliniita bila kuinua macho. "Muulize kaka hali hii imeanza lini."

"Mume wangu, imeanza lini?"

"Mwambie tangu nitoke hospitali," Inosi alijibu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa naegemea huu. Sikuhisi. Jana Vasiti ameona maji kwenye soksi."

"Mwambie," Titilia alisema, "huu nao una kidonda. Ni kidogo bado."

Hapo nilisimama. Mwanamke hasimami katika jumba lile wazee wakiwa wamekaa, najua. Lakini mtoto wa dada ana haki ya kudai chochote kwa wajomba zake, hata desturi inasema, na siku ile mimi sikudai nguruwe wala mkeka.

"Mjomba," nilisema, "mmemkalisha nesi mlangoni anaomba msamaha kwa mguu mmoja, na wa pili unaoza hapa mbele yenu chini ya kikoi. Sasa mtuambie. Amalize kwanza kuomba radhi, au atibu kwanza?"

Titilia alikuwa bado ameushika ule mguu mapajani mwake, mbele ya ukoo mzima, na Inosi hakuwa amegeuza uso ukutani. Mjomba Waisale alilitazama fungu la kava lililokuwa halijaguswa na mtu, akamtazama mwanawe, kisha akageukia wanawake jikoni.

"Leteni maji ya moto," alisema. "Na mkoba wa nesi."